Kuizurura Venice kwenye baridi, mvua na maji ya kujaa

Wanaoulizia Venice wengi huambiwa waende Mei au Septemba. Mimi huwaambia waende kati ya Novemba na Februari, mradi wajiandae. Miezi hiyo vyumba vingi hushuka bei, foleni ya kuingia kanisa la San Marco hufupika, na vichochoro vilivyokuwa havipitiki wakati wa joto hubaki na wenyeji wanaotoka sokoni na mikoba yao. Gharama yake ni baridi yenye maji ndani yake. Mchana wa Januari joto huwa kama nyuzi 6 au 7 za Selsiasi, na usiku hukaribia sifuri. Namba hizo hazimtishi mtu anayeishi Oslo au Toronto, lakini unyevu wa laguna, lile ziwa la maji ya chumvi linaloizunguka Venice, huifanya baridi ipenye nguo hadi mifupani. Anayeufaidi mji huu ni yule anayeisoma siku asubuhi, kisha akachagua upande unaoendana nayo. Mwongozo huu unafuata mpango huo.

Hatua ya 1: Chagua wiki, kisha kitanda

Novemba na Desemba ndipo maji hujaa zaidi. Januari, baada ya sikukuu ya Epifania tarehe 6, mji hulala: migahawa mingi hufunga wenyewe wakapumzike, na bei za vyumba hufika chini kabisa. Karnivali inapokaribia, kwa kawaida Februari, bei hupanda ghafla. Tarehe zake hufuata Pasaka, kwa hiyo zitazame kabla hujakata tiketi. Ningepewa wiki moja tu ningechukua ile yenye Novemba 21, kwa sababu nitakayoifikia huko mbele.

Kulala Mestre, upande wa bara, kunaokoa pesa, na treni huvuka daraja la laguna hadi kituo cha Santa Lucia kwa dakika kama kumi. Lakini kwenye mvua raha kubwa ni kuweza kurudi chumbani mchana, ukabadili soksi na kusubiri maji yashuke. Aliyelala Mestre hana raha hiyo. Ukiamua kulala ndani ya mji, muulize mwenye nyumba maswali matatu kabla ya kulipa. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ghorofa ya chini kuta hutoa jasho, na maji yakija huanzia hapo. Kutoka gati la boti hadi mlangoni kuna madaraja mangapi? Karibu kila daraja ni ngazi za kupanda na kushuka, na sanduku la kilo 23 litakuhesabia moja moja. La tatu, vipasha joto huwashwa saa ngapi? Italia sheria hupanga miezi na saa za kupasha majengo joto kulingana na eneo, kwa hiyo usitegemee joto la usiku kucha.

Hatua ya 2: Miguu kwanza

Gambuti usizibebe kutoka nyumbani, zitakula nusu ya sanduku. Zinauzwa kwenye maduka ya hapo hapo, na siku ya maji wachuuzi hutokea na mifuko ya plastiki ya rangi kali inayovaliwa juu ya viatu hadi chini ya magoti. Mifuko hiyo hutoboka upesi, ila kwa kuvuka uwanja mmoja inatosha. Kiatu cha kila siku kiwe buti lililopakwa nta, lenye soli ya mpira laini na meno. Soli ngumu ya plastiki iache nyumbani. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.

Soksi ziwe za sufu. Pamba ikilowa hukaa na ubaridi wake mpaka jioni, sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Beba jozi ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Juu vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito, kwa sababu siku nzima utakuwa unatoka kwenye upepo unaingia kwenye mkahawa wenye joto kali, unatoka tena. Kofia, skafu, glavu. Koti lenye kofia lina kazi kuliko mwavuli, ingawa mwavuli mdogo nao una siku yake. Anayevaa baibui, kanzu au gauni refu apandishe pindo kwa pini siku ya maji. Pindo likigusa maji ya chumvi huyavuta juu, na kulikausha ni shughuli ya usiku mzima.

Simu na kamera ziwe kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi humaliza betri. Ukiingia kanisani au mkahawani kutoka nje, kioo cha kamera kitajaa mvuke. Kiache dakika chache kijipate badala ya kukifuta futa.

Hatua ya 3: Soma maji kabla ya chai

Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja anaijua bamvua, na atashangaa kusikia mji mzima ukihangaishwa na sentimita 110. Kwake maji kupanda na kushuka mita tatu au nne ni jambo la kawaida, na ngalawa hulala mchangani zikingoja. Huku Adriatiki ya kaskazini tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu. Balaa huja mambo matatu yanapokutana: maji ya kujaa, hewa yenye kanieneo ndogo, na upepo wa sirocco. Upepo huu hutoka kusini-mashariki, ukaisukuma bahari hiyo ndefu na nyembamba kuelekea pembe yake ya juu, na Venice iko pembeni pale pale. Maji hukosa pa kwenda, yakaingia mjini. Hiyo ndiyo wenyeji wanaiita acqua alta.

Urefu wa maji hupimwa kutoka alama iliyowekwa Punta della Salute mwaka 1897. Tangu hapo bahari imepanda na ardhi imedidimia, kwa hiyo usidhani sentimita 80 ni maji yaliyofika kiunoni. Maana yake ni kwamba uwanja wa San Marco, ambao uko chini kuliko karibu mji wote, umeanza kutoa vidimbwi kupitia mashimo ya kupitishia maji ya mvua. Kwa sentimita 110 kama asilimia 12 ya mji ingelowa, na kwa 140 zaidi ya nusu. Rekodi ni sentimita 194, Novemba 4, 1966. Ya pili ni 187, Novemba 12, 2019.

Mambo yamebadilika tangu Oktoba 3, 2020. Siku hiyo milango ya MOSE iliinuliwa kwa mara ya kwanza kuyazuia maji ya kujaa kweli kweli. Ni milango 78 ya chuma iliyolala chini ya bahari kwenye malango matatu ya laguna: Lido, Malamocco na Chioggia. Ikiwa imejaa maji hulala. Ikipulizwa hewa huinuka na kuzuia. Kwa kawaida huinuliwa utabiri unapofika 110, kwa hiyo kile kilichokuwa kikiwafukuza watu vitandani sasa ni nadra. Lakini kati ya 80 na 110 milango kwa kawaida huachwa ilale, kwani kufunga laguna kila mara kunazuia meli na kuzuia maji kubadilishana. Hicho ndicho kiwango utakachokutana nacho wewe mgeni: San Marco ina maji ya kifundo cha mguu, sehemu nyingine za mji kavu kabisa.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, fungua utabiri wa kituo cha maji cha manispaa, Centro Maree. Utaona mchoro wa siku chache zijazo wenye vilele na mabonde. Andika saa ya kilele. Ukiona zaidi ya 80, ondoa San Marco kwenye ratiba kwa saa mbili kabla na mbili baada. Kilele hakikai, kwa hiyo mtu mwenye subira hana haja ya kununua gambuti.

Ukitaka kuyaona maji makusudi, nenda, ila na adabu zake. Manispaa hupanga majukwaa ya mbao ya kupitia, yaitwayo passerelle. Pita kulia, mmoja nyuma ya mwenzake, na usisimame katikati kupiga picha. Nyuma yako kuna mtu anachelewa kazini. Ukitembea ndani ya maji, shika ukuta. Kando ya mfereji hakuna ukingo unaoonekana maji yakishafunika, na hatua moja ya ziada inaishia kwenye kina cha mita mbili au zaidi. Mtoto mshike mkono.

Hatua ya 4: Boti ndiyo paa lako

Magari huishia Piazzale Roma, treni Santa Lucia, na kuanzia hapo ni miguu au maji. Boti ya abiria, vaporetto, ni ghali kwa safari moja: euro 9.50 kwa dakika 75. Tiketi ya saa 24 ni euro 25 na ya saa 72 ni euro 45. Siku za kiangazi ningekwambia utembee. Siku za mvua nunua ya saa 72, maana kila boti ni chumba chenye kiti, paa na dirisha. Gusisha tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, hata kama hakuna anayekutazama. Wakaguzi wapo, na faini inauma kuliko tiketi.

Njia namba 1 hupita Mfereji Mkuu polepole, ikisimama karibu kila gati. Mvua ikinyesha kutwa, ipande Piazzale Roma na ukae ndani upande wa dirisha hadi San Marco. Utazipita nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 13 hadi ya 18 ukiwa umekaa, na kwa pesa hizo sijui onyesho lingine lenye thamani kama hiyo. Gondola ya mkataba bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa; kwenye manyunyu ningeiacha. Ipo gondola ya wenyeji, traghetto, inayokuvusha tu Mfereji Mkuu kwa euro 2. Ya Santa Sofia inakushusha mbele ya soko la samaki la Rialto, lakini mara nyingi haifanyi kazi mchana wote, na upepo ukichafuka huacha kabisa.

Hatua ya 5: Jinsi ya kuweka mguu

Hapa ndipo wageni huumia, na ramani haitakwambia. Mitaa ya Venice imetandikwa mawe ya aina mbili. La kijivu ni trachyte, jiwe la volkano kutoka vilima vya Euganei karibu na Padova, lenye ukwaruzo unaoshika soli. Jeupe ni jiwe la Istria, linalotumika kwenye kingo za ngazi za madaraja na za mifereji. Karne za nyayo zimelisugua likawa laini, na likilowa huteleza kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo kanyaga kijivu, ruka cheupe. Kwenye daraja weka mguu katikati ya ngazi, mkono kwenye ukuta au chuma. Daraja la Costituzione, lile la kisasa la mbunifu Calatrava lililofunguliwa 2008 karibu na Piazzale Roma, lilijipatia sifa mbaya kwa ngazi zake za kioo zilizoangusha watu wengi wakati wa mvua. Lipite pole pole hata ukiona wenyeji wanakimbia.

Ngazi za kushukia majini ni hatari zaidi. Ule ukijani juu yake ni mwani, na hakuna soli inayoshika mwani. Usishuke kupiga picha.

Mwavuli kichochoroni ni sanaa. Calle Varisco, kinachosemwa ni kichochoro chembamba kuliko vyote, kina sentimita 53 sehemu yake ya kubana, na vingine vingi havizidi upana wa watu wawili. Mkikutana, mrefu huinua mwavuli, mfupi huushusha, na wote wawili huuinamisha ukutani. Pita kulia. Kundi la watu wanne mkitembea sambamba mtasikia mtu nyuma akisema "permesso" kwa sauti isiyo na urafiki.

Kupotea ni hakika, na simu haisaidii sana kwa sababu kuta ndefu huivuruga ijue iko wapi. Tegemea vibao vya njano pembeni mwa kuta: Per Rialto, Per San Marco, Ferrovia (yaani kituo cha treni), Piazzale Roma, vyenye mishale. Mara nyingine mishale huelekeza pande mbili kwa mahali pale pale, na zote mbili ni kweli. Namba za nyumba zisikuhangaishe. Hazifuati mtaa, zinafuata wilaya, sestiere, na ziko sita: Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Anwani ya "Castello 3456" ni ya posta, mgeni itamkondesha. Omba jina la kichochoro na la gati la karibu.

Hatua ya 6: Siku na upande wake

*Siku ya mvua.* Shuka boti gati la San Tomà. Dakika chache kwa miguu kuna kanisa la Frari, lenye mchoro mkubwa wa Bikira Maria akipalizwa mbinguni, uliochorwa na Tiziano na kuzinduliwa 1518. Nyuma yake ipo Scuola Grande di San Rocco, ambako Tintoretto alichora kuta na dari kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1564. Hapo chukua kioo kilichowekwa kwa ajili ya wageni ukitazame kutoka chini, dari litakujia mikononi bila kuvunja shingo. Majengo haya mawili yanatosha kuimaliza mvua ya asubuhi.

Mchana nenda San Zaccaria, nyuma kidogo ya San Marco. Mchoro wa Giovanni Bellini wa 1505 uko kushoto, na taa yake inawashwa kwa sarafu, kwa hiyo weka akiba ya chenji. Lipia kiasi kidogo uingie sehemu ya chini. Kule madoge wa kale, yaani watawala wa Venice, wamezikwa kwenye kaburi lenye nguzo, na sakafu yake mara nyingi imefunikwa maji, mvua iwepo isiwepo. Ukitaka kuelewa mji huu umesimama juu ya nini, hutahitaji maelezo mengine.

Mvua ikipungua simama katikati ya uwanja wowote wenye kisima cha jiwe, na ipo mingi. Tazama sakafu: inainama kidogo kuelekea mashimo madogo yaliyotobolewa kwenye mawe meupe. Chini ya uwanja kuna tangi kubwa la udongo wa mfinyanzi lililojazwa mchanga. Mvua iliingia kwa mashimo hayo, ikachujwa na mchanga, ikakusanyika kwenye bomba la kati, watu wakachota. Katikati ya maji ya chumvi pande zote, hivi ndivyo mji ulivyokunywa hadi bomba la maji kutoka bara lilipofika 1884. Jambo hilo linaonekana vizuri mvua ikinyesha tu, na wa Julai hawalioni.

*Siku ya ukungu.* Wenyeji huuita caigo. Boti za visiwani hupunguzwa au hubadilishiwa njia, kwa hiyo usipange Burano siku hiyo. Nenda Cannaregio, kwenye mifereji mitatu mirefu iliyonyooka sambamba: Misericordia, Sensa, na ule unaopita mbele ya kanisa la Madonna dell'Orto alikozikwa Tintoretto. Barabara za huko zimenyooka, hivyo hupotei, na ukungu hukuonyesha daraja moja kwa wakati. Campo dei Mori kuna wanaume wa mawe wenye vilemba walioingizwa ukutani. Mmoja, anayeitwa Rioba, ana pua ya chuma iliyosuguliwa na watu wanaotaka bahati. Geuka nyuma ya nyumba hiyo, uvuke mfereji, utaona ukutani ngamia aliyechongwa na mzigo wake. Wenye nyumba walikuwa wafanyabiashara wa Mashariki, na huo ulikuwa ubao wao wa matangazo. Mwendo mfupi kutoka hapo ndiko Ghetto, ambako Wayahudi walifungiwa kuanzia 1516. Nafasi ilikuwa finyu na watu wakaongezeka, wakajenga kwenda juu. Hesabu madirisha uone ghorofa zilivyobanwa.

*Siku ya bora.* Huu ni upepo mkavu wa kaskazini-mashariki, baridi ya kukata masikio, lakini unafagia ukungu wote. Usipite Fondamente Nove, gati la kaskazini mwa mji, uso wote wa mji upande huo unapigwa. Kaa Zattere, gati refu linalotazama kusini, ambako majumba yanakukinga mgongoni na jua linakupiga usoni. Kisha panda njia namba 2 hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore. Mnara wa kanisa lake una lifti. Siku ya bora milima ya Alpi yenye theluji huonekana kana kwamba iko mwisho wa mtaa, na foleni yake kwa kawaida ni fupi kuliko ya mnara wa San Marco.

*Siku isiyo na jina,* mawingu tu na baridi: Murano, kwa boti 4.1 au 4.2 kutoka Fondamente Nove. Matanuri ya vioo yalihamishiwa huko 1291 kwa hofu ya moto, na mpaka leo ndani ya karakana kuna joto la kupasha vidole. Watakuonyesha kazi, kisha watakuingiza dukani. Huna wajibu wa kununua. Jumba la makumbusho ya vioo lina shanga ambazo Mswahili asizipite haraka. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Unguja kwa mizigo, zikavushwa hadi Bagamoyo, zikaenda bara na misafara hadi Tabora na Ujiji, zikitumika kulipia chakula na ruhusa ya kupita.

Hatua ya 7: Kama ni Novemba 21

Tauni ya 1630 na 1631 iliua karibu theluthi ya mji. Seneti iliweka nadhiri ya kujenga kanisa, na likajengwa: Santa Maria della Salute, lile la kuba jeupe mdomoni mwa Mfereji Mkuu, kazi ya Baldassare Longhena. Kila Novemba 21 mji hulipa nadhiri yake tena. Daraja la muda hutandikwa juu ya Mfereji Mkuu kutoka upande wa Santa Maria del Giglio, na familia nzima nzima huvuka, bibi, watoto na makoti yao, kwenda kuwasha mishumaa. Sherehe hii haikutengenezewa watalii, na hilo huligundua kwa lugha: utasikia lahaja ya Venice tu. Fika asubuhi mapema au baada ya saa 1 usiku, katikati ya mchana foleni ni ndefu. Nunua mshumaa nje, mpe mhudumu ndani, endelea mbele.

Chakula cha siku hiyo ni castradina, nyama ya kondoo dume iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, ikachemshwa taratibu na kabichi. Ni mchuzi mzito wenye chumvi, na kwenye baridi ile unaingia vizuri. Migahawa huipika wiki hiyo tu, wengine kwa oda.

Hatua ya 8: Tumbo, choo na giza

Baa ndogo za vitafunio huitwa bacari. Unasimama kaunta, unaonyesha kwa kidole. Asiyekula nguruwe ashike samaki: baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta hadi akawa laini, au sarde in saor, dagaa wakubwa wenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Uliza siki na mvinyo kama unajali, kwani baadhi ya wapishi huvichanganya. Nyama ya halali utaipata kirahisi zaidi Mestre, kwenye mitaa karibu na kituo, ambako Wabangladeshi wengi wameweka makazi na maduka. Kuelekea Karnivali nunua frittelle, maandazi ya mviringo yenye zabibu kavu, yakiwa bado moto.

Kahawa inywe kaunta, ukisimama. Kahawa ile ile ukikaa mezani uwanja wa San Marco, kwenye mikahawa ya aina ya Florian iliyofunguliwa 1720, italipiwa pamoja na kiti na muziki. Mara moja maishani sawa. Na kwa kuwa baridi hukimbiza watu chooni, kumbuka hesabu hii: choo cha manispaa ni euro 1.50, karibu sawa na kahawa ya kaunta, na kahawa inakuja na choo chake.

Desemba jua huzama mnamo saa 10:30 jioni. Vichochoro vina mwanga hafifu na mawe yameanza kuganda umande, kwa hiyo panga jioni iwe upande ule ule wa Mfereji Mkuu ulikolala. Viatu vilivyolowa vijaze karatasi za magazeti, uzibadilishe kabla ya kulala, na usiviweke juu ya kipasha joto, ngozi itapasuka.

Usiku wa mwisho fungua tena ule mchoro wa maji. Kilele kikiangukia saa ya treni yako, ondoka mapema, uache sanduku kwenye chumba cha mizigo pale Santa Lucia, na umalizie muda kwa kahawa nyingine. Boti nazo siku hiyo zinaweza kubadilishiwa njia, kwani maji yakipanda baadhi hazipiti chini ya madaraja.